Dk. John Williamson wa Mwadui: Je, Almasi Humletea Mtu Bahati?

Kamati ilitutaka tuandike juu ya jambo lenye manufaa kwa jamii. Sisi si wasomi wa maandiko. Ni wafanyabiashara wa Katoro, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, na elimu yetu iliishia sekondari. Lakini biashara ya miaka mingi imetufundisha kusikiliza yanayosemwa mbele ya kaunta. Neno moja hatulikosi kila msimu: mtu anapopata dhahabu, watu hawaulizi alichimba vipi, bali huuliza ametumia dawa ya nani.

Kwa sababu hiyo tumechagua kusimulia maisha ya Dk. John Thoburn Williamson, mgunduzi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, aliyefariki mwaka 1958. Hakuwa mtu wa dini yetu wala wa damu yetu. Hata hivyo, jina lake halijasahaulika katika nchi ya Wasukuma, na wazee wetu waliokuwa na maduka Shinyanga na Mwanza walikuwa wakisimulia habari zake baada ya kufunga milango jioni. Katika masimulizi hayo hakukosekana mtu wa kudai kwamba Mzungu yule alikuwa na jini, au kwamba alikuwa na jiwe mfukoni lililoyaita mawe mengine. Tunapenda kuyaweka maisha yake mbele ya msomaji kama yalivyokuwa, ili apime mwenyewe kama bahati ilitoka katika jiwe au mahali pengine.

MAWE KATIKA IMANI ZA WATU

Kwanza tuseme kwamba imani juu ya nguvu za vito si ya taifa moja. Wamisri wa kale waliweka juu ya kifua cha maiti kito chenye umbo la mdudu aviringishaye mavi, ili moyo wa marehemu usije ukamsaliti siku ya hukumu. Wagiriki walivaa amethisti ili wasilewe, na jina lenyewe la jiwe hilo katika lugha yao lina maana ya kutolewa. Almasi waliiita kwa neno lenye maana ya kitu kisichoshindwa, na Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba jiwe hilo huvunja nguvu za sumu na kumwondolea mtu wazimu.

Katika pwani yetu pete ya akiki na ya feruzi imevaliwa kwa karne nyingi kuwa kinga, pamoja na hirizi iliyoshonwa ndani ya ngozi. Akiki nyekundu nyingi zilizofika Afrika Mashariki zilichongwa Khambhat, katika nchi ya mababu zetu ya Gujarat, zikaletwa na majahazi ya kusi na kaskazi. Bara nako, watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivaa kibangwa, yaani kipande cha mviringo kilichokatwa katika kombe la Bahari ya Hindi, kuwa alama ya enzi. Hivyo mtu wa Gujarat, wa pwani na wa Usukuma walikwisha kuunganishwa na mawe na makombe haya kabla reli haijajengwa.

Sisi wenyewe tumelelewa katika elimu ya navaratna, vito tisa vya sayari tisa. Yakuti nyekundu ni ya Jua, lulu ni ya Mwezi, marijani ni ya Mirihi, zumaridi ni ya Utaridi, pukhraj ya manjano ni ya Mshtarii, almasi ni ya Zuhura, nilam ya samawi ni ya Zohali, na gomed pamoja na jicho la paka ni vya Rahu na Ketu. Neno la Kisanskriti la almasi ni vajra, na neno hilo hilo ndilo jina la silaha ya radi ya Indra. Tunafundishwa kwamba silaha ile iliundwa kwa mifupa ya mtakatifu Dadhichi, aliyekubali kuuacha mwili wake ili miungu imshinde Vritra. Garuda Purana nayo inaeleza kwamba vito vyote vilitokana na mwili wa asura Bala, aliyejitoa kuwa sadaka katika yajna ya miungu kwa kuwa alikwisha kutoa ahadi, na mifupa yake ikawa almasi. Msomaji aziweke akilini habari hizi mbili, kwani tutazirudia.

Kwa karne nyingi ulimwengu haukuwa na almasi ila zile zilizotoka Bara Hindi na kidogo za kisiwa cha Borneo. Baadaye zikagunduliwa Brazil katika karne ya 18, na Afrika Kusini katika miaka ya 1860. Ilipofika karne ya 20 zikatafutwa katika Tanganyika, na hapo ndipo inapoanza habari ya mtu wetu.

MTOTO WA MONTFORT

John Thoburn Williamson alizaliwa Februari 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Ni nchi ya misitu, maziwa na theluji, na hakuna jambo lililoonyesha kwamba mtoto yule angemaliza siku zake katika mbuga za Shinyanga. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, nia yake ilikuwa kusoma sheria. Kisha wakati mmoja wa kiangazi alifuatana na msafara wa utafiti wa miamba huko Labrador, na safari hiyo ikamgeuza. Akaiacha sheria, akajifunza jiolojia, na mwaka 1933 akatunukiwa shahada ya udaktari.

Tunawaomba vijana wetu watulie kidogo hapa. Kabla hajashika almasi hata moja, mtu huyu alikuwa amekaa miaka darasani na maporini akijifunza namna mwamba unavyozaliwa, unavyopasuka na unavyosombwa na maji. Anayeuona utajiri wake akaacha kuiona miaka hiyo ni kama mtu anayehesabu magunia ya pamba ghalani bila kuuliza nani alipalilia.

Alikuja Afrika kufanya kazi ya kuajiriwa katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katikati ya miaka ya 1930 akahamia Tanganyika na kuajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini mwa Mwanza. Mgodi ule ulikuwa mdogo na haukuwa na faida ya kutosha. Wenye kampuni walipokata tamaa na kutaka kuondoka, Williamson hakuondoka nao. Alichukua haki za kuchimba pamoja na vifaa vilivyochakaa, akaanza kutafuta kwa gharama yake mwenyewe.

MIAKA YA KUTAFUTA

Lazima tueleze alikuwa akitafuta nini. Almasi hutengenezwa chini sana ardhini, kilomita 150 na zaidi, mahali penye joto na mgandamizo mkubwa. Huletwa juu na milipuko ya volkano ya aina ya pekee, ambayo huacha ndani ya ardhi shimo lenye umbo la karoti lililojaa mwamba uitwao kimbaliti. Mvua na mito huumomonyoa mwamba huo na kutawanya almasi chache sehemu nyingi. Mtu anaweza kuokota jiwe moja mtoni na kulishangilia, kumbe mama yake yuko mbali.

Mtafutaji mwenye elimu haishii kulishangilia jiwe moja. Hufuatilia madini mengine yanayofuatana na almasi, kama ganeti nyekundu na ilmenaiti nyeusi, ambayo ni mengi zaidi ingawa hayana thamani kubwa. Huchukua mchanga hapa na pale, huuosha, huuchekecha, huhesabu punje na kuandika. Mahali punje zinapoongezeka ndipo njia inapoelekea. Kazi hiyo haina uchawi wowote. Ni kazi ya kuinama, kuosha na kuandika, siku baada ya siku, kwenye jua la Usukuma.

Williamson aliifanya kwa miaka kadhaa. Malaria ilimlaza mara nyingi. Fedha ziliisha na madeni yakakua. Wenzake walioijua hali yake walimwona kuwa mtu aliyepotea. Lakini aliamini kwamba almasi chache za Mabuki na za maeneo ya jirani zilikuwa na chanzo kimoja kikubwa ambacho hakijaonekana, na imani hiyo aliijenga juu ya vipimo alivyoviandika.

Machi 1940 alifika Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga, na hapo chanzo kikaonekana. Masimulizi yanayopendwa na watu husema kwamba almasi ya kwanza iliokotwa chini ya mbuyu. Huenda ndiyo sababu mti huo umepewa sifa ya jini. Lakini chini ya mbuyu ule, chini ya majani, mbuga na njia za ng'ombe, kulikuwa na eneo la hekta 146 la kimbaliti, lililo kubwa kupita machimbo yote ya aina hiyo yaliyochimbwa kwa faida duniani. Wataalamu wanakadiria kwamba mlipuko ulioumba mahali hapo ulitokea takriban miaka milioni 50 iliyopita. Wafugaji walikuwa wamepitisha mifugo yao juu yake vizazi kwa vizazi.

BWANA CHOPRA WA MWANZA

Katika habari hii yuko mtu mmoja ambaye jamii yetu inapaswa kumkumbuka. Naye ni Bwana I. C. Chopra, mwanasheria wa Kihindi wa Mwanza, ambaye baadaye aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wakati Williamson hakuwa na kitu ila madeni na mifuko ya mchanga, Bwana Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa sheria. Alisimamia hati zake ili kile alichokitafuta kisije kikachukuliwa na mwingine. Kampuni ya Williamson Diamonds ilipoundwa mwaka 1942, Bwana Chopra alikuwa miongoni mwa wenye hisa, pamoja na Percy, ndugu wa Williamson.

Sisi tulio katika biashara tunajua uzito wa tendo hilo. Kumkopesha aliyekwisha kufanikiwa ni hesabu tu. Kumkopesha mgonjwa wa homa ambaye rehani yake ni vipimo vya mchanga ni imani. Wakati huo sheria za mkoloni zilimpanga kila mtu kwa rangi yake, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Pamoja na hayo, mwanajiolojia wa Kanada na mwanasheria wa Bara Hindi waliaminiana, nao wakafanya kazi na Waafrika waliochimba na kuosha mchanga. Ikiwa kuna mtu anayetaka kuijua hirizi ya Williamson, tunafikiri aitafute hapa kwanza, katika uaminifu wa rafiki.

Kuanza hakukuwa rahisi hata baada ya ugunduzi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea na mitambo haikupatikana, hivyo kazi ya mwanzo ilifanywa kwa mikono na kwa vifaa vya kuungaunga. Lakini vita hiyo hiyo ilihitaji almasi za kukatia vyuma viwandani, na hivyo mali ya Mwadui ikapata soko.

JIWE LA WARIDI

Oktoba 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa. Mawe ya rangi hiyo ni adimu mno, na hili lilikuwa safi ajabu. Mwezi uliofuata Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa, na Williamson akampa jiwe hilo kuwa zawadi ya arusi. Lilikatwa London mwaka 1948 na kubaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwake, nyumba ya Cartier ililiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua, likizungukwa na almasi nyeupe. Malkia alilivaa mara nyingi hadi uzee wake.

Katika elimu ya kale ya vito ya Bara Hindi, almasi ziligawanywa kwa rangi zao, na nyekundu ilihesabiwa kuwa ya Kshatriya, yaani wafalme na mashujaa. Sidhani kama Williamson alijua hilo, lakini jiwe jekundu la Shinyanga lilikwenda kwa mtawala kama maandiko yalivyopanga. Tunasema haya kwa furaha ya kukutana kwa mambo, si kwa kudai kwamba jiwe lilijichagulia njia. Na ni haki kuongeza kwamba kwa wakati ule, mama wa Kisukuma aliyeishi karibu na shimo lile hakuulizwa almasi ya nchi yake iende kwa nani.

Sifa ya mawe ya waridi ya Mwadui haikufa naye. Oktoba 2022, huko Hong Kong, almasi ya waridi ya karati 11.15 iliyotoka katika mgodi huo iliuzwa mnadani kwa dola za Kimarekani milioni 57.7. Iliitwa kwa jina la Williamson, ili kuikumbuka ile ya kwanza.

MJI NA UPWEKE

Kwa fedha za almasi Williamson alijenga Mwadui kuwa mji kamili uliozungushiwa uzio. Palikuwa na umeme, maji ya bwawa, hospitali, shule, maduka, karakana na uwanja wa ndege. Maelfu ya watu walipata kazi. Wengine walikuja kutoka mbali na kujifunza ufundi wa mitambo ambao baadaye waliupeleka sehemu nyingine za nchi. Wafanyabiashara wa jamii yetu nao waliuza huko vitambaa, sukari na vipuri, na familia zaidi ya moja zinazochangia mandir leo zilipata mtaji wa kwanza katika barabara hiyo ya vumbi.

Alikuwa pia mkaidi katika jambo la soko. Biashara ya almasi ya dunia ilikuwa mikononi mwa De Beers, nao walitaka kila mchimbaji awauzie kwa kiasi na bei waliyoipanga. Williamson aligombana nao mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, akayaweka mawe yake bila kuyauza, hadi wakafikia mapatano. Ni wachache waliothubutu kufanya hivyo.

Hata hivyo maisha yake hayakuwa ya starehe kama watu wanavyodhani. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alikuwa mkimya, mwenye kuona haya mbele ya wageni, asiyependa waandishi wa habari. Wizi wa almasi ulimsumbua siku zote, na mji wake ukawa na walinzi, nyua na upekuzi. Aliyekuwa akilala porini bila mlango akawa anaishi ndani ya senyenge aliyoijenga mwenyewe.

Kisha saratani ya koo ikamshika. Januari 1958 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 50. Hisa zake ziliwaendea ndugu zake, nao wakaziuza mwaka huo huo. De Beers, ambao alikuwa ameshindana nao, walichukua nusu ya mgodi, na serikali ya Tanganyika ikachukua nusu ya pili.

Hapa tunamwomba msomaji akumbuke yale ya Pliny na ya vitabu vyetu vya kale, kwamba almasi huzuia sumu, maradhi na kifo cha mapema. Kama kungekuwa na mtu duniani wa kulindwa na almasi, angekuwa yeye, aliyelala na kuamka juu ya shimo kubwa la almasi kuliko yote. Hazikumwongezea siku moja.

KITO CHA SYAMANTAKA

Wazee wetu walilijua jambo hili, na ndiyo maana walituachia hadithi ya Syamantaka. Mungu Jua alimpa Satrajit wa Dwarka kito kilichozaa dhahabu kila siku. Kilikuwa baraka kwa aliyekivaa akiwa safi na mauti kwa aliyekivaa akiwa najisi. Bhagwan Krishna alimshauri Satrajit akitoe kwa mfalme kwa faida ya watu wote, naye akakataa. Ndugu yake Prasena akakivaa kwenda mawindoni, simba akamwua. Jambavan, mfalme wa dubu, akamwua simba na kukichukua kito. Watu wakamshuku Krishna kuwa ndiye mwuaji, hata ikambidi aingie pangoni kukitafuta ili kulisafisha jina lake. Kito kiliporudi kwa mwenyewe, tamaa ikamfuata mpaka kitandani, na Satrajit akauawa usingizini na Shatadhanva.

Kito cha kuzaa dhahabu kila siku! Ni mchimbaji gani wa Geita asiyekitamani? Na tazama kiliacha nini nyuma yake: maiti, tuhuma na ndugu kuogopana.

Hatusimulii haya kama hadithi za mbali. Katika ukanda wetu wa ziwa, kuanzia miaka ya 2000, watu wenye ualbino walianza kuwindwa kwa sababu waganga waovu waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Watu zaidi ya 70 waliuawa nchini, na wengine walikatwa mikono wakiwa hai. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa aina hiyo. Mwezi uliofuata, katika wilaya ya Chato, jirani kabisa na Katoro, mtoto mchanga aliporwa kutoka kwa mama yake na kuuawa. Hiyo ndiyo hirizi inayouzwa gizani katika nchi ya dhahabu, na bei yake hulipwa na mtu ambaye hakuinunua.

Sasa tuzirudie zile habari mbili tulizomwomba msomaji aziweke akilini. Vajra ya Indra ilitokana na mifupa, lakini Dadhichi aliitoa mifupa yake mwenyewe. Almasi za Garuda Purana zilitokana na mifupa, lakini Bala aliutoa mwili wake mwenyewe kwa kutimiza ahadi. Katika maandiko yetu, nguvu ya jiwe ilitoka kwa yule aliyejitoa. Anayechukua mwili wa mwenzake ili apate utajiri amekwisha kupinga asili yenyewe ya almasi, na hakuna pujari, mganga wala mnajimu anayeweza kumsafishia tendo hilo.

TUFANYE NINI

Huenda mtu akatuuliza kama basi tutupe pete zetu. Hatusemi hivyo. Katika nyumba yetu pete ya pukhraj imerithiwa kutoka kwa bibi, nasi tunaivaa siku ya Alhamisi kwa heshima. Inatukumbusha kwamba Mshtarii, Brihaspati, ni guru, na kwamba mfanyabiashara anahitaji mwalimu kuliko anavyohitaji mteja. Pete ya namna hiyo haimdai mtu damu, wala haimpunguzii mtu kazi. Pete au hirizi inayomwahidi mtu mali bila jasho, au inayomdai asiyekuwapo, hiyo ni ya kukimbiwa.

Vijana wetu walio katika biashara ya dhahabu na vito wanayo mambo mengi ya kurithi kwa Williamson, na yote yapo wazi. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini ambako mchimbaji mdogo hupimiwa dhahabu yake mbele ya macho yake. Mizani iliyo sawa katika soko hilo ni kinga bora kuliko kago lolote. Kijana mmoja akisomeshwa jiolojia, huyo ataona zaidi ya waganga mia. Mwenye duara anayewalipa vijana wake mgao wao bila hila atalindwa na vijana hao kuliko na ulinzi wa hirizi. Na mwenye mtaji anayemkopesha mtu mwaminifu aliyeishiwa, kama Bwana Chopra alivyofanya, anaweka akiba mahali ambapo mwizi hafiki.

Leo almasi nyingi za dunia, zipatazo tisa katika kila kumi, hukatwa Surat, katika Gujarat. Hivyo huenda jiwe lililotoka udongoni Shinyanga likapita katika vidole vya jamaa zetu wa huko kabla halijafika kidoleni mwa bibi arusi Dar es Salaam au London. Mkataji wa Surat anajua jambo ambalo tungependa kila mtu alijue: almasi ghafi haing'ai. Huonekana kama kipande cha chupa kilicholowa. Mwanga wake hutokea kwa kusuguliwa, uso mmoja baada ya mwingine, na mtu aliye makini.

Tunamwomba Mwenyezi ailinde mandir yetu, awabariki wachimbaji wote wa ukanda huu warudi salama juu kila jioni, na awape watoto wenye ualbino wa Geita na Shinyanga kwenda shule na kurudi bila hofu. Jai Shri Krishna.